Aliyeishusha Video ya Fundi Salamu

MAELEZO YA SHAHIDI
Dawati la Makosa ya Mtandao

Jina: Mama Vifungo (ndilo ninaloitwa mtaani, la kwenye kitambulisho liko kwenye jalada)
Umri: Miaka 49
Kazi: Mshonaji wa nguo za wanawake na sare za shule
Makazi: Nyuma ya kiwanda cha matofali, nyumba yenye mlango wa kijani
Uhusiano na mlalamikaji: Mume wangu
Uhusiano na mtuhumiwa: Ananiita shemeji
Tarehe: 12 Juni, saa nne asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Mume wangu hajui kwamba niko hapa, anadhani nimekwenda kununua zipu. Afande amenionya kwamba nikitoa maelezo ya uongo nitashtakiwa, nami nimemjibu kwamba uongo wangu wa leo ni huo wa zipu tu.

Mume wangu ni fundi wa kutengeneza cherehani. Kazi hiyo ameifanya tangu hajanioa, na mimi alinipata kwa kazi hiyo hiyo, maana cherehani yangu iliharibika mara nyingi kupita kiasi mwaka ule na kila akiitengeneza aliacha skrubu moja haijakazwa. Hilo alikuja kulikiri tukiwa tumeshazaa. Afande ameniambia nirudi kwenye jambo lenyewe. Narudi.

Tangu mwaka jana mume wangu anarekodi video za kufundisha watu kutengeneza cherehani na kuziweka mtandaoni. Mimi ndiye ninayeshika simu. Tatizo lake ni salamu. Kabla hajagusa bisibisi anawasalimia wazee kwa vijana, walio kazini na walio njiani, wagonjwa anawaombea nafuu, na wenye cherehani zilizokwisha kupona anawapa hongera. Ndiyo maana watazamaji walimpa jina la Fundi Salamu. Nimemsema mpaka nikachoka. Ananijibu kwamba mtu hawezi kuingia nyumbani kwa watu akaanza kufungua mashine yao bila kujuliana hali.

Mnamo tarehe 2 mwezi wa tatu mwaka huu, asubuhi, alirekodi video kuhusu cherehani inayoruka mishono. Tulirekodia chumbani kwetu, mbele ya dirisha, na cherehani ni yangu. Alitaka kuiita "Somo la Tatu la Fundi Wenu Mpendwa". Nikamwambia mtu ambaye sindano yake inaruka hatakwenda kumtafuta fundi mpendwa, ataandika shida yake kama ilivyo. Mimi mwenyewe nikaandika jina la video: "Cherehani inaruka mishono". Alininunia mpaka mchana, kisha akasahau.

Mwishoni mwa mwezi huo mteja wangu mmoja alikuja dukani na kusema kwamba ameandika maneno hayo matatu kwenye simu na uso wa mume wangu ndio uliotokea wa kwanza, juu ya video zote. Sikuamini. Nikaandika na mimi, nikamwona, kavaa shati lile lenye doa la mafuta nililomwambia asivae. Tangu siku hiyo kila mteja wa mume wangu alilazimika kutoa simu na kuandika maneno yale matatu, ati fundi ahakikishe mtandao unashika vizuri pale karakana. Alianza kupiga pasi mashati ya kazi. Mtu mzima wa miaka hamsini na nne alikuwa na furaha ya mtoto aliyepewa viatu vipya, na mimi nilifurahi kumwona hivyo. Naomba hilo liandikwe.

Habari zilimfikia mama mkwe wangu. Huyu ni mama mzazi wa mume wangu, amepita miaka themanini, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu na simu yake anaijua vizuri kuliko mimi. Alitangaza kwenye kundi la ukoo. Kundi hilo lina mashangazi, wajomba, binamu na watoto wao, wengine wala siwafahamu kwa sura. Mume wangu hayumo, maana anasema simu yake ni ya wateja. Mimi nimo, lakini mama mkwe hutuma jumbe za sauti ndefu, unaanika nguo mpaka zikauke, na mimi ni wa ukoo huo kwa kuolewa tu, kwa hiyo nyingi huwa sizifungui. Hapo ndipo nilipokosea, lakini nitafika.

Katikati ya mwezi wa nne video ya mume wangu ilianza kushuka. Kwanza ikawa ya pili, kisha ya tano, kisha ukitafuta unasogeza kidole mpaka unafika kwenye video za watu wanaouza uzi, na yeye bado hujamwona. Wakati huo huo aliyepanda juu ni huyu mnayemhoji, Fundi Bobini.

Naomba nimweleze Bobini. Anaitwa hivyo kwa sababu, kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, ni mfupi, mnene, na hatulii sehemu moja. Yeye na mume wangu walijifunza kazi kwa fundi mmoja wakiwa vijana, wakakalia benchi moja, wakala sahani moja. Siku ya harusi yetu ndiye aliyemshika bwana harusi mkono. Mama mkwe anamwita mwanawe wa pili, na akikosa kwenda kumjulia hali kwa wiki moja, anatumiwa mtu. Bobini naye alikuwa ameanza kuweka video zake. Hasalimii mtu. Anakaa, anafungua kifuniko cha cherehani, anasema, "Tatizo liko hapa," anaonyesha, anamaliza.

Mnamo tarehe 19 mwezi wa tano, jioni, Bobini alikuja nyumbani kwetu kumsaidia rafiki yake. Nilikuwepo, nikipindua pindo la gauni. Alimweleza mume wangu kwamba huo mtambo wa kutafuta haujui nani fundi na nani si fundi. Haujawahi kushika bisibisi. Unachofanya ni kuangalia kwanza kama maneno ya mtu anayetafuta yanafanana na jina la video na yale yanayosemwa ndani yake. Baada ya hapo unawaangalia watu wenyewe. Je, wakiiona wanaifungua? Wakifungua wanakaa, au wanatoka? Na wakitoka, wanakwenda zao wameridhika au wanarudi kutafuta kilekile? Wakirudi, mtambo unajisemea kwamba hawa hawakupata walichotaka, basi unaishusha ile na kupandisha nyingine. Alisema hesabu yote hakuna anayeijua isipokuwa wenye mtambo, lakini hilo la watu kukaa au kutoka ni kubwa.

Mimi nililielewa palepale, kwa sababu ndivyo hata mimi ninavyomjua mteja. Anayegusa kitambaa na kuuliza maswali ni mteja. Anayechungulia mlangoni na kuondoka si mteja, hata achungulie mara kumi.

Bobini akamalizia kwa upole, "Ndugu yangu, kata salamu. Watu wanatoka hujashika hata bisibisi."

Mume wangu akasema, "Kwa hiyo nikikosa adabu ndiyo nitapanda kama wewe?"

Bobini aliinuka, akaniaga mimi, akaenda. Chai yake aliiacha. Kwa miaka yote niliyokaa na mume wangu sijawahi kumwona Bobini akiacha chai.

Baada ya hapo mume wangu alianza kufungua ule ukurasa wa hesabu ambao mwenye video peke yake ndiye anayeuona. Hauonyeshi majina ya watu. Unaonyesha wanatokea mji gani na wamekaa muda gani. Akaona kwamba watazamaji wengi sana wanatoka mji huu huu wetu, wanamtafuta kwa maneno yale matatu, wanafungua, wanatoka kabla salamu hazijaisha, kisha wanatafuta tena, wanafungua tena, wanatoka tena. Asubuhi wanakuja kwa mkupuo na alasiri wanakuja tena. Alinionyesha. Akaniambia hawa si watu wa kawaida, hawa wametumwa, na aliyewatuma ni yule anayejua kwamba kutoka haraka kunashusha video. Akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nilimwambia Bobini hawezi. Akaniuliza nani mwingine ameeleza mbele yangu namna ya kumshusha mtu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu alikuja hapa kulalamika kwamba kazi yake inaharibiwa mtandaoni kwa makusudi. Jana, tarehe 11, Bobini aliitwa, akahojiwa, simu yake ikachukuliwa. Nimesikia kwamba kila alipoulizwa kama anawajua wanaoingia na kutoka kwenye video ya mume wangu, alijibu kwamba hana la kusema. Akaambiwa arudi leo asubuhi, na kama bado hana la kusema atalala ndani.

Mume wangu hakufurahi. Watu watadhani alifurahi. Jana alasiri alitengeneza chai karakana, akamimina vikombe viwili kwa mazoea, akakaa anakitazama kile cha pili. Nilimwona kupitia dirisha na sikuingia.

Leo asubuhi, saa mbili na nusu, nilikwenda kwa mama mkwe kumpelekea gauni nililokuwa nimelipunguza urefu. Nilikusudia pia kumwambia habari za Bobini kwa utaratibu kabla hajazisikia kwa majirani. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, miwani puani, simu mapajani, anaandika kwa kidole kimoja. Nilisikia sauti ya mume wangu kwenye simu: "Salamu zenu nyote, wazee kwa vijana." Mama mkwe akamjibu, "Salama, mwanangu, tumekusikia," akafunga. Akaandika tena. Mume wangu akasalimia tena, naye akaitikia tena, akafunga.

Nilimuuliza anafanya nini. Akaniambia anamwinua mwanawe.

Nikamuuliza, "Mama, mbona unatoka hajaanza hata kufundisha?"

Akanitazama kama anavyonitazama nikitia chumvi nyingi kwenye mboga. Akasema, "Nikae mle ndani kutwa, wenzangu waingie wapi? Ukienda kwa mtu unabisha hodi, unamjulia hali, unampisha. Mwenyeji ana kazi zake."

Nilikaa chini. Gauni nililikalia. Nikamuuliza hao wenzake ni akina nani, naye akanieleza kwa fahari kubwa. Ni ukoo mzima. Tangu aliposikia kwamba mwanawe amekuwa wa kwanza, aliwaagiza wote kwenye kundi: kila siku baada ya chai ya asubuhi, na alasiri wakishapumzika, kila mtu aandike maneno yale matatu, aingie, aitikie salamu, atoke haraka ampishe mwingine, kisha aandike tena na kuingia upya ili ihesabike kuwa mgeni mwingine. Mashangazi wanafanya. Wajomba wanafanya. Shangazi mmoja asiyeona vizuri anafanyiwa na jirani yake. Mtu akizembea, mama mkwe anamtaja kwenye kundi kwa jina. Aliniambia, "Penye wengi hapaharibiki neno." Mimi nikawa nafikiria lile neno lilivyoharibika.

Nilitamani kucheka na nilitamani kulia. Ninajua mama huyu hana wivu, hana hila, na hana anachokipenda duniani kuliko yule mwanawe anayesalimia watu. Kwa wiki zote hizo, siku baada ya siku, amekuwa akimshusha kwa kidole chake mwenyewe, na ukoo mzima umekaa nyuma yake unasukuma.

Kwenye simu yake yeye mwanawe bado hutokea wa kwanza, maana humfungua kila siku, lakini aliniuliza, "Sasa hivi kwa wengine amefika wapi? Bado yuko juu?"

Mimi nikasema, "Bado yuko juu, mama."

Mwanzoni nilimwambia afande kwamba uongo wangu wa leo ni wa zipu tu. Nimekumbuka na huu. Aandike yote mawili.

Habari za Bobini sikumwambia. Nilimvalisha gauni, nikalitazama pindo, nikaja hapa moja kwa moja.

Nilipofika kituoni, kama saa tatu na robo, nilimkuta Bobini kwenye benchi la nje. Nikakaa karibu naye. Nikamwambia nimetoka kwa mama na nimemwona anavyofanya. Hakushtuka. Nikamuuliza kama alikuwa anajua.

Akasema, "Alinifundisha mwenyewe, shemeji. Alinikalisha pale kwake akaniambia na mimi nimwinue ndugu yangu."

Nikamuuliza kwa nini hakumweleza mama kwamba anakosea. Akasema alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza mama alikuwa amefurahi mno. Mara ya pili alikuwa anaumwa miguu, akasema kile ndicho kitu pekee anachoweza kumfanyia mwanawe siku hizi akiwa amekaa, maana kumpikia hawezi tena. Bobini aliposikia hivyo aliacha kumsahihisha. Ndipo akaja kwetu ile jioni na ushauri wa kukata salamu, akidhani kwamba akizikata, mama na wenzake watajikuta wamefika kwenye somo kabla ya kutoka, na mambo yatajitengeneza bila mtu kuaibishwa. Mume wangu akampa jibu lile.

Nikamuuliza kwa nini jana hakuwaambia polisi. Akasema, "Nimtaje Mama polisi? Heri nilale humu."

Kisha akaniambia jambo jingine, nami nalisema kwa sababu linahusu shtaka. Yeye huifungua video ya mume wangu kila siku na huitazama mpaka mwisho, salamu zote, wagonjwa na walio njiani. Alisema alikuwa anapambana na ukoo mzima peke yake, wao wakishusha na yeye anapandisha, lakini mtu mmoja hawezi kuvuta kamba na watu wote wale. Simu yake iko kwa afande. Naomba ifunguliwe, iangaliwe alichokuwa anatazama. Afande ameifungua mbele yangu wakati naandikisha maelezo haya, na imekutwa hivyo.

Yangu mimi ni haya. Sikusikiliza jumbe za mama mkwe kwenye kundi, na kama ningezisikiliza mapema, mambo yasingefika kituoni. Bobini hana kosa. Mama mkwe naye hana kosa ambalo sheria inalijua. Kinachoniumiza ni mume wangu. Yeye aliamini kwamba wale watu wa mwezi wa nne walikuwa wanafunzi wake, kisha akaamini ni maadui zake. Leo ataambiwa ni mama yake na shangazi zake, na kwamba amempeleka polisi mtu pekee aliyekuwa anamsikiliza mpaka mwisho. Sijui atalipokeaje. Ana hasira za karibu na machozi ya karibu, na ninaogopa aende kwa mama akiwa na lolote kati ya hayo mawili. Mama wa umri ule ukimwambia kwamba kwa mapenzi yake amemharibia mtoto, hilo ataingia nalo kaburini.

Nilimwomba afande kwanza kwamba maelezo haya yafichwe. Amesema hayawezi kufichwa kwa mlalamikaji. Basi ninaomba mume wangu aitwe sasa hivi, asomewe hapa hapa, mimi nikiwa nimekaa upande wake mmoja na Bobini upande wa pili, asije akasikia robo kwangu na robo kwa jirani. Na asomewe yote, hata la skrubu.

Niliyoyasema ni yale niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa, nimeyaelewa, nimeyakubali kuwa yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA MPOKEAJI

Maelezo haya yameandikwa na mimi, afisa wa zamu, Dawati la Makosa ya Mtandao, na shahidi ameyatoa kwa hiari yake. Mlalamikaji alipigiwa simu akafika saa sita kasoro akiwa na bisibisi mkononi. Alisomewa maelezo yote mbele ya shahidi na mtuhumiwa. Hakukatiza. Yalipokwisha alimshika mtuhumiwa mkono na hakuuachia mpaka tulipomaliza kuandika. Ameondoa malalamiko yake. Mtuhumiwa ameachiwa na kurudishiwa simu.

Kabla ya kutia sahihi, mlalamikaji aliuliza kama mama yake ameitwa kituoni au ataitwa. Nilimjibu kwamba hapana. Akauliza kama kuna mtu amemwambia kwamba video imeshuka. Shahidi akamjibu kwamba hakuna.

Mlalamikaji akasema, "Basi asiambiwe. Mwacheni aendelee kunifungulia."